Mstari wa Katikati Ulionitia Aibu, na Historia Yake

Najua nimepotea sana hapa, mpaka kuna mmoja alinidaka kwenye foleni ya chakula akaniuliza kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo nipo. Ni projekti tu ya mwaka wa mwisho imenibana, na leo nataka niwape kisa chake, maana kisa hicho ndicho kilichonifanya nisome historia ambayo sikutegemea hata siku moja kuisoma. Kaeni mkao wa kula.

Kwa wale wasiojua, projekti yangu ni ukurasa wa kusomea pepa za mitihani ya miaka ya nyuma. Kushoto kuna orodha ya kozi na miaka, kulia inafunguka pepa yenyewe. Katikati umesimama mstari. Ukiukamata kwa mausi ukavuta kulia, orodha inapanuka, ukivuta kushoto, pepa inapata nafasi. Kitu chenyewe mmeshakiona mara elfu kwenye programu za barua pepe na zile za kuandikia kodi (kodi ya kompyuta, si ile ya serikali). Nilidhani ni kazi ya nusu saa.

Basi bwana, Jumanne nikaingia kwa supavaiza kumwonyesha. Nikaukamata mstari kwa mbwembwe, nikavuta kulia. Mausi ikapita juu ya pepa, mstari ukagoma palepale. Nikaachia kitufe. Nikarudisha mausi kushoto polepole, na mstari ukaanza kunifuata wenyewe bila kushikwa, kila niendako upo, kama kuku aliyeona mtu kabeba mahindi. Dokta akavua miwani. Akaniuliza, "Nani kakwambia mstari huo lazima usogee?" Nikajibu, "Dokta, kwenye programu zote unasogea." Akasema, "Hiyo siyo sababu. Niandikie sura moja ya historia yake kabla hujagusa kodi. Ukijua ulikotoka utajua umekosea wapi. Una wiki mbili."

Na niungame jambo moja. Usiku wa kuamkia siku hiyo, jamaa yangu wa chumbani, ambaye mkono wake wa kulia uko kwenye plasta tangu aanguke mpirani, alikuwa ameujaribu ukurasa wangu. Alitaka kupanua pepa asome, akashindwa. Kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, kwenye ile sehemu ya kugusa ya laptopu, si mchezo. Aliniambia, "Kaka, mstari wako unanibagua." Mimi nikacheka, nikalala. Shikeni hilo, tutalirudia.

Haya, tuanze safari, mdogo mdogo.

Mstari huu ni mkubwa kwa umri kuliko wavuti yenyewe. Mwaka 1979 ilitoka VisiCalc, programu ya mahesabu iliyotengenezwa na Dan Bricklin na Bob Frankston kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Hii ndiyo babu wa Excel. Jedwali lake lilikuwa na safu 63 na mistari 254, lakini skrini ya Apple II ilionyesha herufi 40 tu kwa upana na mistari 24 kwenda chini. Sasa fikiria wewe ni mhasibu, umeshuka mpaka mstari wa 200, vichwa vya safu vimepotelea juu, hujui tena kama unaangalia mauzo au matumizi. Ndiyo maana VisiCalc ikawa na amri ya kuigawa skrini vipande viwili, kwa ulalo au kwa wima. Kipande kimoja unakiacha kwenye vichwa, kingine unashuka nacho, na ukitaka unaweza kuvifunga vipande hivyo visogee pamoja.

Hapo nilipata jibu la kwanza la swali la Dokta. Skrini iligawanywa kwa sababu kuna mtu alitaka kuona vitu viwili kwa pamoja na skrini haikutosha. Na aliyechagua pa kugawia ni yule anayefanya kazi. Bricklin na Frankston hawakujua jedwali lako lina nini. Wewe ndiye unajua.

Miaka iliyofuata wakubwa walikuwa wanajaribu namna ya kuipanga skrini. Xerox walipotoa Star mwaka 1981, madirisha yake yalipangwa bega kwa bega kama vigae, hayakupandana. Windows 1.0 ya Novemba 1985 ikafuata njia hiyohiyo, mpaka Windows 2.0 ya mwaka 1987 iliporuhusu madirisha kulaliana. Mkisikia vigae mkumbuke chumba chetu. Vitanda viwili, pazia la khanga katikati, ukilisogeza upate hewa, mwenzako kapungukiwa. Nafasi haiongezeki, inahamishwa tu. Ndiyo tabia ya paneli zilizogawanywa mpaka leo: kila pikseli unayompa huyu unamnyang'anya yule. Halafu Windows 95 ikaleta ile Explorer ya mafaili ambayo wengi tumekua nayo, mti wa mafolda kushoto, yaliyomo kulia, na mpaka wa kuvuta katikati. Watu wakazoea.

Sasa tuingie kwenye wavuti. Mwanzoni ukurasa wa wavuti ulikuwa kama karatasi ndefu, unashuka nayo tu. Netscape Navigator 2.0, iliyotoka rasmi mwaka 1996, ikaleta fremu. Mwandishi wa ukurasa aliandika kitu kinaitwa frameset, humo ndani akasema cols="30%,70%", na kivinjari kikaigawa skrini vipande viwili, kila kimoja na faili lake la HTML. Na hapa ndipo niliposhika kichwa: ule mpaka kati ya fremu ulikuwa unavutika! Hakuna aliyeandika kodi ya kuuvuta. Kivinjari chenyewe ndicho kilichofanya kazi yote. Kitu ambacho mimi nilihangaika nacho wiki nzima na kikanitia aibu, mwanafunzi wa mwaka 1996 alikipata kwa mstari mmoja wa HTML.

Ila palikuwa na kineno kingine kidogo: noresize. Mwandishi akikiweka kwenye fremu yake, mpaka unafungwa na msomaji hauvuti tena. Nimekifikiria sana hiki kineno. Mantiki ya kawaida ya kivinjari ilikuwa mpaka ni wa msomaji. Mwandishi akitaka kuuchukua ilibidi atamke. Na waandishi wengi waliutamka, kwa sababu hawakutaka mtu avuruge upambaji wao. Upana wa orodha ulichaguliwa na mtu ambaye hajawahi kuiona skrini yako.

Fremu zilikuwa na faida nyingine. Ukibofya kushoto, kinachobadilika ni cha kulia tu, orodha inabaki pale pale, hakuna haja ya kupakua ukurasa mzima upya. Enzi za modemu za simu hilo lilikuwa jambo la maana. Wanaosoma Java watakumbuka zile kurasa za maelezo ya Java zenye fremu tatu, vifurushi juu kushoto, madarasa chini yake, maelezo kulia. Zilitumika miaka mingi kabla matoleo mapya hayajaachana nazo.

Lakini fremu zilikuwa na maradhi, na maradhi yenyewe mazito. Anwani iliyo juu ya kivinjari ilibaki ileile hata ukienda kurasa kumi mbele, kwa hiyo ukiihifadhi au ukimtumia rafiki, anafika mlangoni tu, si pale ulipokuwa. Ukichapisha, hujui kipande gani kitatoka. Desemba 1996 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika makala maarufu ya kuzishambulia, akisema kwamba mara nyingi ni bora kuziepuka. Fremu ziliingizwa kwenye kiwango cha HTML 4.0 Desemba 1997, lakini sifa yake ilikuwa imeshachafuka. HTML5 ilipokamilika kama kiwango cha W3C Oktoba 2014, frameset iliwekwa kwenye orodha ya vitu vilivyopitwa na wakati, visitumike tena.

Kwa hiyo fremu zikaondoka, na mstari wetu ukaondoka nazo. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyenifundisha darasani. Tulifundishwa kwamba fremu ni mbaya, nukta. Hatukuambiwa kwamba pamoja na ubaya wake, kulikuwa na haki moja ya msomaji iliyokuwa imefungwa humo ndani, ikatupwa pamoja na maji ya kuogea.

Katikati ya miaka ya 2000 mahitaji yakarudi. Gmail ikaanza Aprili 2004, na Februari 2005 Jesse James Garrett akaipa jina la Ajax ile mbinu ya kubadilisha sehemu ya ukurasa bila kuupakua wote. Sasa faida ya fremu ikapatikana bila fremu. Watu wakaanza kujenga programu kamili ndani ya kivinjari, na programu kamili zinataka paneli. Ext JS 1.0 ya mwaka 2007 ilikuja na mpangilio wa kanda tano, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi na katikati, na ukisema split mpaka wa kanda unavutika. GWT 2.0 ya Google, Desemba 2009, ikaja na SplitLayoutPanel.

Tofauti ni kwamba sasa kivinjari hakikusaidii. Unaanza na div nyembamba ya pikseli chache, unaipa kishale cha col-resize ili mtu ajue inavutika, halafu unasikiliza matukio matatu. Mausi ikibonyezwa juu ya mstari, kumbuka kwamba tumeanza kuvuta. Ikisogea, pima iko wapi, badilisha upana. Ikiachiwa, sahau. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo kila mwanafunzi anapoanguka, na mitego ninayoijua sasa ni miwili.

Mtego wa kwanza, unasikiliza kusogea kwa mausi kwenye mstari wenyewe. Mstari una pikseli tano, mkono ukienda haraka mausi inatoka nje yake na mstari unabaki nyuma. Dawa yake ya zamani ni kusikiliza kwenye ukurasa mzima.

Mtego wa pili ndio ulionimaliza mimi. Pepa zangu nilizifungua ndani ya iframe. Na iframe ni nini? Ni fremu iliyowekwa ndani ya ukurasa, ndugu wa zile fremu za zamani, ambaye mpaka leo yupo hai. Iframe ni ukurasa unaojitegemea, kwa hiyo mausi ikiingia humo, matukio yake yanapelekwa humo. Ukurasa wangu ukawa hausikii kitu. Mstari ukagoma. Nilipoachia kitufe nikiwa ndani ya pepa, taarifa ya kuachia nayo ikapotelea humo, ukurasa wangu ukaendelea kuamini kwamba bado nimeshika. Nilipotoka, ukanifuata. Kuku wa mahindi! Yaani aliyeniangusha mbele ya Dokta ni mtu wa ukoo uleule uliotuletea mstari unaovutika. Nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikakemewa.

Wakongwe walishaujua mtego huu. Walitandaza kipande kisichoonekana juu ya ukurasa mzima wakati wa kuvuta, ili mausi isiiguse iframe. Kwenye kodi ya SplitLayoutPanel kipande hicho kinaitwa glassElem, yaani kioo. Unaona kupitia kwake lakini huwezi kushika kilicho nyuma.

Halafu zikaja simu. iPhone ya 2007 haikuwa na mausi, ilikuwa na kidole, na kidole kikaletewa matukio yake yenyewe. Ukawa unaandika kodi mbili kwa mstari mmoja. Microsoft ndio waliopendekeza pointer events, wakaziweka kwenye Internet Explorer 10 mwaka 2012, W3C wakazipitisha Februari 2015, na Safari ikajiunga na toleo la 13 mwaka 2019. Hapo mausi, kidole na kalamu vyote vikawa jambo moja. Na humo kuna amri tamu inaitwa setPointerCapture. Ukiiita mtu anapobonyeza mstari, kivinjari kinaahidi kwamba kila kitakachofanywa na mausi hiyo mpaka iachiwe kitaletwa kwa mstari huo, hata ikipita juu ya iframe, hata ikitoka nje. Mitego yote miwili, kwisha habari yake. Kwa kidole unaongeza touch-action: none kwenye mstari ili ukurasa usiteleze unapovuta.

Upande wa upangaji nao ukatengemaa. Machi 2017 Chrome 57 na Firefox 52 zilitoka zote zikiwa na CSS Grid. Sasa unaandika safu tatu tu, orodha, mstari, pepa, na upana wa orodha unauweka kwenye kigezo kimoja cha CSS. JavaScript inabadilisha namba moja, kivinjari kinapanga vingine vyote. Angalizo kwa wenzangu: safu ya pepa iandikeni minmax(0, 1fr), si 1fr peke yake. La sivyo, neno refu au picha kubwa ndani ya paneli itakataa kusinyaa na mtadhani mstari umeharibika. Hilo lilinila jioni nzima. Na kuanzia Februari 2023 vivinjari vyote vikubwa vina container queries, kwa hiyo kilichomo ndani ya paneli kinaweza kujipanga upya kwa kuangalia upana wa paneli yenyewe na si wa skrini nzima.

Nilipofika hapo nikadhani sura imekwisha. Nikaprinti, nikamsomea jamaa yangu wa plasta. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hongera mwanangu. Sasa mimi nausogezaje?"

Kimya.

Nikarudi maktaba. Nikakuta kwamba kumbe hilo nalo lina historia yake. WAI-ARIA 1.1, kiwango cha W3C cha Desemba 2017, kinaruhusu kigawanyo kiwe kitu kinachofikiwa kwa kibodi. Unakipa role ya separator na tabindex ya 0, unakiwekea aria-valuenow ili programu inayomsomea asiyeona iweze kumwambia mstari uko asilimia ngapi, halafu mishale ya kibodi inausogeza. Na WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 imeongeza sharti kwamba kitu chochote kinachofanywa kwa kuvuta kiwe na njia nyingine ya kubofya tu bila kuvuta, labda kama kuvuta kwenyewe ndiyo kiini cha kazi. Imesema pia sehemu za kubofya ziwe na angalau pikseli 24 kwa 24, isipokuwa kwa sababu maalumu. Mstari wangu ulikuwa na pikseli nne.

Kwa hiyo alichosema jamaa hakikuwa malalamiko ya mgonjwa. Ulikuwa upungufu unaojulikana, ulioandikwa kwenye kiwango, na mimi niliucheka. Ule upuuzi wa noresize niliokuwa nawalaumu nao watu wa 1996, nilikuwa nimemfanyia mtu ninayelala naye chumba kimoja. Tena wao walau waliandika. Mimi nilimfungia mpaka bila hata kujua.

Siku ya pili ilinichukua masaa manne. Nikaweka setPointerCapture. Nikaweka mishale, kila ukibonyeza mstari unasogea pikseli 20, Home inaupeleka kwenye upana mdogo kabisa na End kwenye ule mkubwa. Nikaweka vitufe viwili juu ya mstari, kimoja cha kukunja orodha, kingine cha kuirudisha. Nikaweka kikomo cha chini ili orodha isipotee kabisa mtu akivuta vibaya. Na chaguo la mwisho nikalihifadhi kwenye localStorage, ili kesho ukirudi uukute mstari ulipouacha. Mstari wenyewe bado unaonekana mwembamba, lakini sehemu ya kuushika nimeipanua mpaka pikseli 24.

Usiku ule jamaa alikaa na laptopu yangu magotini, mkono wa plasta juu ya mto. Akabonyeza mshale wa kushoto mara kama nane hivi, pepa ikajaa skrini, akaanza kusoma swali la kwanza la mwaka juzi. Hakuniambia kitu. Baada ya saa nzima akaniuliza kama nina kalamu.

Ijumaa nilirudi kwa Dokta. Aliisoma sura yote, akaujaribu mstari kwa mausi, akapita juu ya pepa makusudi kabisa, akarudi. Haukumfuata. Halafu akaniuliza tena swali lilelile, nani kakwambia lazima usogee. Safari hii nilijibu kwamba ni kwa sababu anayesoma ndiye anayejua anasoma nini. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaniambia niendelee na sura ya tatu.

Ngoja niishie hapa, foleni ya maji imeanza kusogea. Mwenye projekti yenye paneli aje chumbani tuangalie pamoja, ila aje na sukari. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.